Mwenye sonona anahitaji mwenzi wa safari



Jumuiya zetu ndogo ndogo za Kikristo zina desturi nzuri. Mwanajumuiya akivunjika mguu, habari humfikia mwenyekiti kabla jua halijazama. Jioni akina mama wa WAWATA wamekwisha kufika na uji wa ulezi na ndizi. Mmoja anajitolea kumsindikiza hospitali, mwingine anamchotea maji. Jumapili mgonjwa anatajwa katika maombi ya waamini. Hakuna anayemuuliza kwa nini imani yake haikuzuia mfupa usivunjike.

Sasa mtazame mwanajumuiya mwingine. Ni mama wa miaka arobaini na kitu, mwimbaji wa sauti ya pili kwaya. Wiki ya sita sasa hajaonekana mazoezini. Anaamka saa tisa usiku na usingizi haurudi tena. Chakula hakina ladha. Genge lake siku moja analifungua saa nne, siku nyingine halifungui kabisa. Ukimsalimu anajibu, "Nipo tu." Huyu hapelekewi uji. Anapelekewa maneno: anajidekeza, amepoa kiroho, kuna dhambi anaificha, kuna mkono wa mtu, huenda ni pepo.

Mama huyu nimemtunga mimi, msomaji wangu. Lakini naamini wakati unasoma umekwisha kukumbuka mtu. Pengine umejikumbuka mwenyewe. Jumapili hii naomba tukae naye.

Huzuni ni moja, sonona ni nyingine

Ugonjwa ninaouzungumzia wataalamu wetu wameupa jina la sonona. Ni jina la kwetu: sote twajua maana ya kusononeka. Lakini tusidanganyike na jina. Kila mtu husononeka. Ukifiwa utalia, ukifukuzwa kazi utakosa raha, ukiachwa na mchumba utakonda. Hiyo ni huzuni ya kawaida ya wana wa Adamu, na kwa wengi siku zikipita hupungua. Vivyo hivyo msongo wa mawazo wa ada za shule na kodi ya nyumba: shida ikitatuliwa, mtu hupumua.

Sonona hukaa. Madaktari huanza kuifikiria pale mtu anapokuwa na huzuni nzito, au anapopoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi. Pamoja na hayo huja mengine: usingizi kukimbia au kuzidi, hamu ya kula kupotea, mwili kuchoka bila kazi, akili kushindwa kutulia hata kwenye somo la Injili, kujiona huna thamani, kujilaumu kwa mambo yasiyo kosa lako, kukata tamaa na kuwaza kifo. Kwetu wagonjwa wengi hawasemi "nina huzuni". Wanasema kichwa kinauma, mgongo unawaka, moyo unakwenda mbio, "nina mawazo mengi." Wanatibiwa malaria mara tatu na bado hawaponi.

Wanaume nao huugua, ila wengi huificha. Mwanamume anayesononeka aweza kuonekana mkali, mlevi, asiyekaa nyumbani. Tunamhubiria ulevi wake, na ugonjwa unaomsukuma kwenye pombe haujaguswa. Mama aliyejifungua naye yumo hatarini. Siku chache za machozi baada ya kujifungua ni jambo la kawaida, lakini wiki zikipita na bado anamtazama mtoto kana kwamba ni wa jirani, huyo anahitaji msaada wa haraka. Asiambiwe kwamba hana shukrani kwa zawadi ya Mungu.

Shirika la Afya Duniani, katika makadirio yake ya mwaka 2023, lilisema watu wapatao milioni 280 ulimwenguni wana ugonjwa huu, na kwamba katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati zaidi ya robo tatu ya wenye maradhi ya akili hawapati tiba yoyote. Wengi wao, ndugu yangu, wamo makanisani.

Sababu zake hazifanani kwa wote. Wapo wanaozaliwa katika koo ambamo ugonjwa huu umepita kwa babu na shangazi. Wapo walioumizwa utotoni. Wapo walioelemewa na msiba, kipigo cha ndani ya ndoa, deni au maradhi ya muda mrefu. Mara nyingi mambo haya hukutana, na mwili wenyewe, pamoja na ubongo, hushindwa kuubeba mzigo. Ndiyo maana kumwambia mgonjwa wa sonona "changamka" ni sawa na kumwambia mwenye pumu "pumua vizuri". Angeweza, angekwisha kufanya.

Watu wawili walioomba kufa siku moja

Fungua nami Kitabu cha Tobiti. Tobiti ni mzee mcha Mungu anayeishi uhamishoni Ninawi. Anagawa sadaka, anawazika wafu waliotupwa, hata kwa hatari ya maisha yake. Usiku mmoja, baada ya kuzika, analala karibu na ukuta, kinyesi cha ndege kinamdondokea machoni na anapofuka. Anakwenda kwa waganga, lakini kadiri wanavyompaka dawa ndivyo macho yanavyozidi kuharibika. Mkewe Ana anaanza kufanya kazi za mikono ili wapate kula. Siku moja anarudi na mwana-mbuzi aliyepewa na matajiri wake, na Tobiti anamshuku kuwa ni wa wizi. Mama anachoka, anamrushia swali chungu: ziko wapi sasa sadaka zako na matendo yako mema? Mzee analia, kisha anamwomba Mungu amchukue, kwani kwake heri kufa kuliko kuishi.

Siku hiyo hiyo, mbali kabisa, huko Ekbatana, binti aitwaye Sara anasimangwa na mjakazi wa baba yake. Ameolewa mara saba na mara saba ameachwa mjane usiku wa harusi. Sara anapanda chumba cha juu akiwa na nia ya kujinyonga. Biblia haifichi. Kinachomzuia ni kumfikiria baba yake, kwamba watu watamlaumu na uzee wake utashuka kaburini kwa uchungu. Anageukia dirishani na kusali, naye akiomba kufa.

Maandiko yanasema sala za watu hawa wawili zilisikiwa wakati mmoja mbele ya utukufu wa Mungu. Hakuna karipio lililotoka mbinguni. Hakuna aliyewaambia kwamba kuomba kufa ni utovu wa imani. Mungu alimtuma malaika Rafaeli, ambaye jina lake lina maana ya "Mungu huponya".

Na Rafaeli alikujaje? Hakuja na umeme wala tarumbeta. Alisimama njiani kama kijana anayetafuta kibarua, akajiita Azaria, akapatana na Tobiti ujira wa drakma moja kwa siku ili amsindikize mwanawe Tobia safarini. Wakatembea kwa miguu, mbwa wa nyumbani akiwafuata. Njiani malaika alimwonyesha kijana dawa iliyokuwa ndani ya samaki, na kwa nyongo ya samaki huyo macho ya mzee yalifunguka. Mungu aliyeweza kuponya kwa neno moja alichagua mwenzi wa safari na dawa.

Msomaji makini ataniambia: "Padre, mbona katika habari ya Sara pepo yumo?" Kweli yumo, Asmodeo. Pepo huyo ndiye aliyewaua waume zake. Sara mwenyewe hakuwa na pepo. Alikuwa mfiwa anayesimangwa. Malaika alimfukuza pepo, lakini Sara hakukemewa wala hakupigwa. Alipewa familia na mwenzi aliyempenda.

Ndugu zetu ambao Biblia zao hazina kitabu hiki watapata somo lilo hilo katika 1 Wafalme 19. Eliya, nabii wa moto, analala chini ya mti jangwani akiomba kufa. Malaika anamletea mkate na maji, anamwacha alale tena, kisha anamlisha mara ya pili. Neno la Mungu juu ya utume wake lilikuja baadaye, mlimani Horebu, mwili ukiwa umepata nguvu.

Kwenda kwa daktari si kumwacha Mungu

Ipo hofu miongoni mwetu kwamba anayekwenda kutibiwa akili ameshindwa imani. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anafundisha kinyume. Anasema mganga astahili heshima kwa kuwa Bwana ndiye aliyemwumba, na kwamba dawa zimetoka ardhini kwa mkono wa Mungu, mwenye busara asizidharau. Kisha anamwambia mgonjwa asali, na ampe daktari nafasi yake. Sala na daktari wamewekwa katika ukurasa mmoja, na aliyewaweka pamoja ni Roho Mtakatifu. Tusiwatenganishe sisi.

Hayati Papa Fransisko alieleza, katika kitabu cha mahojiano kilichotoka mwaka 2017, kwamba akiwa na miaka 42 alikwenda kwa mtaalamu wa nafsi, mwanamke Myahudi, mara moja kwa wiki kwa miezi sita, ili aweke sawa mambo yaliyokuwa yakimsumbua. Hakusema alikuwa na sonona. Lakini padre aliyetafuta msaada wa namna hiyo baadaye akawa Papa. Na Louis Martin, baba wa Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, alipopatwa na ugonjwa uliovuruga akili yake, alilazwa kwa miaka kama mitatu katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Caen, Ufaransa. Watu wa mji walinong'ona, binti zake wakaumia. Oktoba 2015 Kanisa lilimtangaza kuwa mtakatifu, pamoja na mkewe Zélie. Tunapomtania mtu kwamba "huyu wa kupelekwa Mirembe", tukumbuke kuwa mbinguni wapo waliolala katika wodi za namna hiyo.

Tiba ipo. Kwa ugonjwa usio mkali, mazungumzo na mshauri aliyefunzwa yaweza kutosha. Ukiwa mkali zaidi daktari huongeza dawa, kama vile amitriptilini au fluoksetini. Dawa hizi hazifanyi kazi kama ya kutuliza maumivu. Huchukua wiki mbili, nne, au zaidi kabla mgonjwa hajaona tofauti, na wengi huziacha wiki ya kwanza wakisema hazifai. Akipata nafuu aendelee nazo kwa miezi kadhaa kama atakavyoelekezwa, wala asizikatishe ghafla. Dawa ya kwanza ikishindwa, ipo ya pili. Hata Tobiti hakuponywa na dawa za kwanza. Daktari atapima pia magonjwa mengine yanayofanana na sonona, kama upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo. Anza na kituo cha afya kilicho karibu nawe, wao watakupa rufaa.

Benchi la bibi na kikundi cha kijiji

Utaniuliza: wataalamu ni wachache, sisi wa kigango cha mbali tufanyeje? Nina habari njema kutoka kwa jirani zetu.

Ng'ambo ya mpaka wa Kagera, katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, eneo lililoumizwa vibaya na UKIMWI, mwaka 2002 ulifanyika utafiti katika vijiji 30. Katika nusu ya vijiji, wenyeji wa kawaida walifunzwa kwa muda mfupi kuongoza vikundi vya watu wenye sonona. Walikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakizungumza juu ya misiba, ugomvi wa nyumbani na mabadiliko mazito ya maisha. Mwishoni, katika vijiji vyenye vikundi, waliobaki na ugonjwa walikuwa kama 7 kati ya 100. Katika vijiji visivyo na vikundi walikuwa kama 55 kati ya 100. Vikundi hivyo vilikuwa na watu wanaofahamiana, wanaokutana kila wiki, wanaosikilizana. Mkristo anayejua jumuiya ni nini ataona kwamba chungu tunacho, tumechelewa tu kukiinjika.

Nchini Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa kijana aliyejiua mwaka 2005. Familia ilitaka kumrudisha hospitali, lakini ilikosa nauli ya basi, dola 15 hivi. Kutokana na uchungu huo, mwaka 2006 daktari huyo alianza kazi na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare. Bibi anaketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, anamsikiliza, wanachagua pamoja tatizo moja la kuanza nalo. Washona huuita ugonjwa huo kwa neno lenye maana ya kuwaza kupita kiasi, karibu kabisa na "mawazo mengi" yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha kwamba waliopitia kwa bibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mabenchi hayo yamefika hata Zanzibar.

Hiyo nauli ya basi hainitoki akilini. Sisi ni hodari wa kuchangia misiba. Turubai linapatikana, basi la kusafirisha mwili linapatikana, chakula cha waombolezaji kinapatikana. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Lakini mara nyingine mgonjwa hakuficha. Alisema, hakupata wa kumsikia, wala elfu kumi ya kwenda kliniki na kurudi. Naomba kila jumuiya inayosoma tafakari hii itenge mfuko mdogo wa nauli za wagonjwa, na iwahesabu wagonjwa wa akili kuwa wagonjwa.

Mambo ya kufanya wiki hii

Mtembelee. Nenda mmoja au wawili, msiende ishirini. Peleka chakula, osha vyombo, kaa. Ukikosa la kusema usiseme. Rafiki za Ayubu walifanya vema zile siku saba walizokaa kimya. Waliharibu walipoanza kueleza.

Usimwambie kuna wenye shida kuliko zake. Usimwambie asali zaidi. Sali wewe kwa ajili yake, kwani yeye kwa sasa huenda hata Salamu Maria moja inamshinda. Usimpeleke mahali anakofungwa, anakopigwa au anakokatazwa kula na kunywa dawa kwa jina la maombi.

Ukihisi anawaza kujidhuru, muulize waziwazi na kwa upole: "Ndugu yangu, unawaza kujiua?" Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, humfungulia mlango wa kusema. Akikubali, usimwache peke yake. Ondoa nyumbani sumu za shambani na dawa zilizobaki, na mfikisheni hospitali siku hiyo hiyo, mkiandamana naye.

Na pale ambapo msiba umekwisha kutokea, tusiongeze jeraha. Ni kweli Sheria za Kanisa za mwaka 1917 ziliwanyima maziko ya Kanisa waliojiua kwa kukusudia. Katazo hilo halimo katika Sheria za mwaka 1983. Katekisimu, katika namba 2282 na 2283, inafundisha kwamba kujiua ni kosa zito dhidi ya uhai, lakini matatizo makubwa ya nafsi na mahangaiko hupunguza wajibu wa mtendaji. Inatufundisha pia tusikate tamaa juu ya wokovu wa watu hao, maana Mungu ana njia anazozijua mwenyewe, na Kanisa huwaombea. Mjane wa msiba wa namna hiyo asikose majirani matangani.

Kwako wewe unayeumwa

Neno langu la mwisho ni lako, ndugu uliyesoma mpaka hapa kwa shida. Hujaachwa na Mungu. Kutosikia ladha ya sala ni dalili ya ugonjwa, kama ulimi wa mwenye homa usivyosikia ladha ya chakula, chakula hakijaharibika. Ukishindwa kuja Misa kwa sababu ya ugonjwa hutendi dhambi. Mwambie paroko akuletee Komunyo, na uzungumze naye kuhusu Mpako wa Wagonjwa.

Na ukikosa maneno ya sala, ipo Zaburi ya 88. Ni kilio kitupu, na tofauti na zaburi nyingine za maombolezo, inaishia gizani bila shukrani. Kanisa halikuiondoa. Limeipanga isaliwe kila Ijumaa usiku, sala ya mwisho kabla ya kulala. Mapadre na watawa ulimwenguni huisali usiku huo, na wengi wetu tunapoisali tunakukumbuka wewe usiyelala.

Kesho Jumatatu, mwambie mtu mmoja unayemwamini maneno haya tu: "Naumwa, nisindikize kliniki." Nawe unayeambiwa, vaa viatu mwende.

Mtakatifu Rafaeli Malaika Mkuu, utuombee. Nawatakia Jumapili njema.